Kiporo cha wali au chipsi mayai, kipi kimekuangusha?

Juzi hapa Dodoma nimekula kiporo cha wali kilicholala mezani usiku kucha, nikakipasha mpaka kikafuka moshi, masaa mawili tu natapika hatari. Huyo ni bakteria anaitwa Basilasi, sumu yake haifi kwa kupasha ila kutapika kawaida kunaisha kwenyewe ndani ya masaa 24, we kunywa maji na ORS tu. Salmonela, bakteria wa chipsi mayai isiyoiva, ndo msumbufu zaidi, anakuja taratibu, masaa 6 mpaka siku 6, homa, tumbo linakata, unaharisha siku 4 hadi 7, na hapo watu mbio duka la dawa kununua antibayotiki ya sipro (mi mwenyewe nishafanya) wakati naye mara nyingi ni ORS, antibayotiki wanapewa waliozidiwa, vichanga, wazee. Ukiona damu chooni, hospitali.