Sehemu ya kulipia ilinichosha, ya bure ikanikamata

Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000. Kikundi cha vijana, wengi wao wamemaliza vyuo juzi juzi, kilikodi ukumbi jirani na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya kuonyesha igizo la majaribio kuhusu maisha ya mjini ya watu wasio nacho. Hakuna jukwaa wala pazia. Watazamaji mnasimama, waigizaji wanapita katikati yenu. Mlangoni kila mtu anapewa vizibo vya soda, ndiyo kipato chake cha siku, halafu humo ndani anadaiwa kodi ya chumba, maji ya ndoo, choo cha kulipia na nauli ya bajaji. Hapo walinipata. Vyangu viliisha kabla sijafika kwenye chakula, na jamaa mmoja pembeni akaanza kukopesha vya kwake kwa riba bila kuambiwa na mtu!

Kisha wakaharibu. Taa zikazimwa, wakaingia wamevaa magunia, nyuso zimepakwa masizi, wanatambaa na kulia. Nani Mwanjelwa anavaa gunia? Wabeba mizigo wa pale sokoni wana makoti ya mtumba mazuri kuliko langu, na kwa baridi ya Juni ya huku, gunia lingewaua kabla ya njaa. Maskini wa mjini ananyoa, anapiga pasi, anatania wateja, anabishana bei. Hayo yote hayakuwemo. Tuliletewa kilio kitupu.

Baadaye tukahamia uani, geti likafunguliwa kwa yeyote, wakaingia mama lishe na madereva bajaji. Hapa walifuata mtindo wa Augusto Boal, Mbrazili aliyefariki 2009: mkasa unachezwa hadi mhusika anabanwa, kisha unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusema "Simama!" na kushika nafasi yake. Kwetu kuwaita watazamaji waingie mchezoni si kugeni; Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa shirikishi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, miaka ya 1980. Ila huku mkasa ulikuwa wa mjini: mama lishe kakopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya, siku ya marejesho imefika, afisa mikopo anakusanya masufuria, mama anapiga magoti.

"Simama!" Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, aproni bado kiunoni. Magoti hakupiga. Akamvutia kijana kigoda. "Karibu mwanangu, keti. Nisomee hiyo karatasi. Nilichukua ngapi, nimerudisha ngapi?" Mwigizaji akababaika, maana hilo halikuwa kwenye mazoezi yake, huku uani watu wanamjumlishia kwa sauti. Dereva mmoja akaingia na mbinu ya kutorokea mlango wa nyuma. Yule mama akamuuliza, "Na wadhamini wangu nimwachie nani?" Watu wakalipuka.

Kasoro ya uani ni mwezeshaji. Kila mabishano yalipopamba moto, anapiga filimbi na kutuuliza tumejifunza nini, kama mwalimu wa zamu. Ukumbini nawapa nyota mbili, uani nne. Ya tano imekwenda na filimbi hiyo, kwa sababu ilipulizwa dereva akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kumjibu mama kuhusu wadhamini.