Visu vya kukunja baharini: loki tatu nilizozitumia

Mimi mvuvi wa mshipi, natokea Wete, Pemba, na mfukoni kwangu hakikosekani kisu cha kukunja. Kisu kisichokunjika ndicho imara kuliko vyote, hilo sibishani na mtu, lakini mashua yetu nyembamba, watu tumebanana, na kisu kilicho wazi katikati ya miguu ya watu ni balaa. Loki ndiyo inayozuia kisu kisijikunje ukiwa kazini, nami nimeshatumia vya loki za aina tatu kwa kazi zile zile: kukata chambo, kukata kamba, kupasua vichwa vya nguru.

Wauzaji wa Darajani, soko la mjini Unguja, watakusifia unene wa chuma tu. Ni kweli loki inabeba mzigo. Ukisukuma mgongo wa kisu kwa kilo 5, sentimita 8 kutoka kwenye pini kinapokunjikia, na loki imeshika nusu sentimita tu kutoka pini hiyo, pale ndani panabeba kilo 80. Lakini mvuvi anasukuma mgongo wa kisu mara ngapi? Sisi tunapindua. Ncha imenasa kwenye mfupa, unaizungusha huku umebana mpini kwa nguvu zote, mkono umejaa utelezi. Loki ngumu inaweza kuachia hapo hapo bila hata kuvunjika.

Cha kwanza kilikuwa na loki ya bati, aina iliyojaa madukani. Ndani ya mpini mna bati jembamba. Ukikunjua kisu, linaruka upande na kusimama nyuma ya shina la kisu, yaani kile kitako cha chuma kilicho ndani ya mpini. Aliyeifikisha kwenye umbo tunaloliona leo ni Mmarekani Michael Walker, miaka ya 1980. Raha yake unakifunga kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mshipi. Ila mchanga kidogo tu na kutu ya chumvi vinatosha kulizuia bati lisifike mahali pake, na ukibana mpini sana vidole vyako wenyewe vinaweza kulisukuma litoke. Changu, cha bei ya chee kisicho hata na jina, kilinifungia vidoleni nikiwa kwenye kichwa cha nguru. Glovu ndiyo iliyoniokoa.

Baada ya hapo nikahamia loki ya mgongo, ile iliyopata umaarufu kwa kisu cha Buck 110 tangu 1964. Jino la chuma lililo mgongoni mwa mpini linaangukia kwenye pengo la shina la kisu, na springi inalishikilia. Kwenye kupindua nimeiona tulivu kabisa. Adui yake ni uchafu: magamba na utumbo vikikaukia kwenye lile pengo, jino linaingia nusu, nawe ukitazama kwa juu unaona kisu kimekaa sawa. Kila jioni nalisafisha kwa kijiti cha kuti. Nikisahau, kesho yake sikiamini.

Siku hizi natembea na Opinel, ya Wafaransa wa Savoie, wanaotengeneza visu tangu 1890. Pete yao ya kufungia ilikuja 1955, na ni kitu chepesi kupita kiasi: unaizungusha shingoni mwa mpini, inaziba njia ya kisu kurudi. Hamna springi wala bati. Mchanga ukiingia inakwaruza, lakini inazunguka, na kama imefunga au haijafunga unaiona kwa macho, hata kwa mwanga wa karabai. Kuizungusha ni juu yako mwenyewe, na kunataka mikono miwili. Ami yangu anaiona usumbufu mtupu. Mpini wake wa mbao nao ukilowa huvimba na kisu kinaweza kugoma kufunguka, kwa hiyo wa baharini achukue wenye mpini wa plastiki, na chuma kisichoshika kutu badala ya kile cha kaboni.

Mafuta ya nazi msitie kwenye pini, yanaganda kukiwa na baridi na kukusanya taka. Mafuta ya cherehani ndiyo yenyewe.

Dukani msikigongegonge mezani kama wanavyofanya vijana. Kikunjue polepole, uone loki inaingia mpaka mwisho, kisha funga kitambaa kwenye makali, shika mpini kwa nguvu na upindue kulia na kushoto. Kikicheza, kirudishe. Fundi umeme au muuza matunda, mtu wa nchi kavu, kwake loki ya bati nzuri inatosha na itamrahisishia kazi. Mvuvi achukue pete.