Kliniki ya watoto Sinza: tathmini ya mzazi aliyeuguza

Mwanangu wa miaka sita aliamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, na mkojo wake ulifanana na chai ya rangi iliyokolea. Nilimpeleka kwenye kliniki moja ndogo ya watoto iliyopo Sinza.

Kabla ya kuandika dawa yoyote, daktari alimpima mtoto presha, akaagiza mkojo upimwe, kisha akaniuliza kama wiki za karibuni alikuwa ameumwa koo au ngozi. Nikakumbuka vidonda vya miguuni vya wiki nne nyuma, ambavyo nilivipaka dawa nikaona vimekauka. Hapo akachukua karatasi akanichorea: vidonda vile vilikuwa na bakteria aina ya streptokoka, mwili ukatengeneza kingamwili za kupambana nao, kingamwili zikashikana na vipande vya bakteria zikawa mafungu, na mafungu hayo yakanasa kwenye vichujio vya figo na kuamsha protini za damu ziitwazo komplimenti, ambazo ndizo zilizovijeruhi vichujio hadi vikapitisha damu. Bakteria hawakuzishambulia figo zenyewe. Nilipouliza kama ndiyo yaliyompata mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa na manjano kwa sababu damu ya mama yake ni Rh hasi, alinitofautishia kwa subira: kule kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kushika moja kwa moja chembe nyekundu za mtoto, bila mafungu ya kusafiri katika damu. Sijawahi kueleweshwa ugonjwa namna hiyo katika hospitali yoyote.

Dawa zilikuwa chache: penisilini ya kumaliza bakteria waliosalia, dawa ya kuongeza mkojo, na agizo kali la kupunguza chumvi.

Udhaifu upo maabara na mapokezi. Kipimo cha komplimenti ya C3 hakifanyiki pale. Sampuli ilipelekwa Upanga, majibu yakachukua siku tano, na simu niliyoahidiwa haikupigwa, jambo lisilofaa kabisa kwa mzazi anayeuguza. C3 ilikuwa chini, kama daktari alivyotarajia.

Ufuatiliaji, hata hivyo, ni wa makini. Presha ilipimwa kila wiki, na C3 ikarudiwa wiki ya nane, kwa kuwa isiporudi kawaida magonjwa mengine kama lupasi (ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe) hufikiriwa. Ya mwanangu imerudi. Damu isiyoonekana kwa macho bado imo kwenye mkojo, na daktari ameeleza kwamba inaweza kudumu kwa miezi kadhaa, kwa hiyo tutarudi mwezi ujao.