Printa kubwa za picha za mtumba: ipi ununue, ipi uiache

Printa kubwa ya picha iliyotumika huuzwa kwa bei ya kutupa, na wakati mwingine unapewa bure mradi uje kuibeba. Mwenyewe anaiondoa kwa sababu moja kati ya mbili: imemjazia chumba, au kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kimeziba. Ni juu yako kugundua ni ipi, kwa sababu hela kubwa haiendi kwenye mashine. Inaenda kwenye wino na kwenye kichwa cha kuchapia. Seti kamili ya katriji mpya mara nyingi inapita bei uliyonunulia printa nzima.

Ndiyo maana sikuzipanga kwa upana wala kwa uzuri wa picha. Zote ninazozitaja hapa zinatoa picha nzuri zikiwa nzima. Nilichoangalia ni kitu kimoja: ikigoma, utaifufua kwa shilingi ngapi?

Kwanza: Epson Stylus Pro 3880, au kaka yake 3800

Kama picha za A2 zinakutosha, usihangaike na nyingine. Ina upana wa inchi 17, uzito wa kilo 20 hivi, na inakaa juu ya meza. Katriji zake ni za mililita 80, na zipo za kujaza tena zenye chipu inayojirudisha yenyewe kusoma kuwa katriji imejaa, kwa hiyo ukishazinunua mara moja unabaki kununua wino wa chupa. Wino mweusi wa karatasi ya kung'aa na ule wa karatasi isiyong'aa vyote vimo ndani muda wote. Kubadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine kunakula mililita chache tu. Kasoro yake ni kwamba haishiki roli, na urefu wa picha unakomea kama sentimita 95.

Kichwa cha Epson hakichemshi wino. Kinausukuma kwa umeme unaotikisa vipande vidogo vya fuwele, na kimeundwa kidumu umri wote wa printa. Kikiziba, mara nyingi lawama ni ya sehemu ya kuegeshea: kile kifuniko cha mpira kimekauka, au kifutio kimejaa wino mgumu. Vyote viwili unavisafisha mwenyewe kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) na kijiti laini. Kichwa chenyewe kiegeshe juu ya karatasi ya tishu iliyokunjwa na kuloweshwa, ukiache usiku kucha. Usisukume maji kwa nguvu ya bomba la sindano. Wengi wameua vichwa vizima namna hiyo.

Pili: HP Designjet Z2100, Z3100 na Z3200

Ukitaka inchi 24 au 44, anzia hapa. HP na Canon wanachemsha wino, na vichwa vya aina hiyo huchakaa kama ilivyopangwa vichakae. Habari njema ni kwamba vya HP vimegawanywa vidogo vidogo, kila kimoja rangi mbili. Z2100 ina vinne, Z3100 ina sita. Kikifa kimoja, unachomoa hicho tu na kuweka kingine bila fundi. Isitoshe, mashine hizi zina kipima rangi ndani yake: unaweka karatasi yoyote, inachapa vibanzi, inavisoma na kukutengenezea profaili ya rangi, yaani faili linaloiongoza printa itoe rangi sahihi kwenye karatasi hiyo. Kununua kifaa hicho peke yake si mchezo.

Tatizo lao ni mkanda unaovuta gari la vichwa. Kwenye Z3100 na Z3200 unajulikana kwa kumomonyoka ukizeeka. Fungua kifuniko, uutazame kwa tochi. Ukiona unga mweusi au nyufa, hesabu siku nzima ya kufungua skrubu, kisha punguza bei.

Tatu: Canon iPF6300 na iPF6400

Inchi 24, rangi 12, na nyeusi zote mbili ziko tayari bila kupoteza tone. Ina vichwa viwili vya PF-05, kila kimoja rangi sita, nawe unaweza kuvibadilisha mwenyewe. Ila kufa kwa kimoja ni hasara kubwa, kwani unatupa rangi sita kwa ajili ya moja. Jambo la kuangalia sana: Canon inagundua matundu ya wino yaliyokufa na kuyapa kazi majirani. Picha safi ya majaribio basi inaweza kuficha kichwa kilicho ukingoni. Omba ichape ripoti ya matumizi kutoka kwenye menyu yake, na hakikisha PF-05 bado inauzwa kabla hujalipa.

Nne: Epson 7800, 7880, 9800 na 9880

Mashine ngumu na za kuaminika. Ila kubadilisha nyeusi moja kwa nyingine kunamwaga wino mwingi, hivyo chagua aina moja ya karatasi ukae nayo.

Mwisho: Epson 7900 na 9900

Picha zake ni tamu kuliko zote hapo juu, na ndizo zitakazokutia majaribuni. Kichwa chake kikifa rangi moja, kinabadilishwa kizima, na gharama hiyo pamoja na fundi inaweza kupita thamani ya printa. Ikitolewa bure, ichukue ukiwa na moyo mgumu.

Kabla ya kutoa hela

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Taka iwashwe mbele yako na ichape mistari ya kupima matundu, kisha subiri kidogo ichape tena. Mapengo yakihamahama, tatizo ni hewa au usambazaji wa wino, na hilo linatibika. Yakibaki palepale kila mara, tundu limeziba kabisa au limekufa. Muuzaji akisema "inahitaji kusafishwa tu", muulize mbona hajaisafisha.

Soma kiwango cha wino kilichobaki na hali ya tangi la wino taka. Hakikisha draiva inapatikana kwa kompyuta yako. Zisipopatikana za kiwanda, Gutenprint, mkusanyiko wa draiva za bure, huziokoa baadhi, hasa za Epson, kwenye Linux na Mac. Wakati wa kubeba isiinamishwe, la sivyo wino taka utamwagika ndani.

Ikishafika, chapa ukurasa mdogo wa rangi zote kila wiki. HP na Canon ziache kwenye umeme, kwani hujisafisha zenyewe kwa wino kidogo. Ukihamia wino wa chupa, tengeneza profaili mpya. Ile ya kiwanda haitakufaa tena.

Na ukikuta Epson iliyokufa rangi moja, bado ina kazi. Jaza wino wa kijivu wa viwango tofauti kwenye njia za wino zilizo hai, uiendeshe kwa QuadToneRIP, programu ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe, na utakuwa na printa ya kazi hiyo.