Kitengo cha elimu maalum, shule ya umma Nakuru: mwalimu ni safi, shida ni msaidizi

Wateja wangu wengi, wakinikuta kwenye cherehani, huniuliza kama inafaa kumpeleka mtoto mwenye usonji shule ya serikali au ni heri kujikaza na karo ya shule ya kibinafsi. Wangu yuko katika kitengo maalum cha shule ya msingi ya umma hapa Nakuru. Jibu langu ni mpeleke. Lakini kabla hujamwacha langoni, uliza: darasa lina msaidizi, na anayemlipa ni nani?

Mlango wa kuingilia ni kituo cha tathmini cha wizara ya elimu. Vituo hivi vilianza 1984, na bado wako wazazi wanaokaa na mtoto nyumbani wakingoja aongee kwa kuwa hawajui vipo. Tulihudumiwa vizuri mno. Afisa ni mwalimu wa elimu maalum, na hakuwa na haraka. Alimkalisha mwanangu kwenye mkeka, akamwagia vifuniko vya chupa mbele yake, akanyamaza. Mtoto akavipanga mstari, vyekundu upande wake, vya bluu upande wake, hakuna aliyemwambia. Afisa akapiga kengele ndogo nyuma yake aone kama atageuka. Mimi akaniuliza kuhusu mimba, kama alilia alipozaliwa, alikaa lini, alitembea lini. Tukatoka na ripoti na barua ya kupeleka shuleni. Hapo wazazi huchanganya: hiyo si tathmini ya kupata kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Ile ya kadi hufanywa na madaktari katika hospitali ya serikali. Ukiwa na moja, nyingine bado inakungoja.

Kuhusu mwalimu wa kitengo sina neno baya hata moja. Alisomea KISE, chuo cha walimu wa elimu maalum kilichoanzishwa 1986 kule Nairobi, na inaonekana kwa kazi yake. Ukutani ameweka ratiba ya picha alizobandika kwenye vipande vya katoni: chai, kusoma, kucheza, choo, nyumbani. Kila shughuli ikiisha, mtoto anabandua picha yake mwenyewe na kuitia kwenye mkebe. Mwanangu alikuwa akipiga mayowe kila darasa lilipobadilisha shughuli. Siku hizi anaangalia ukuta kwanza. Watoto hawa hawalazimishwi kukimbizana na gredi, wanafuata mtaala wa hatua, na kila mmoja ana karatasi ya malengo yake. Niliitwa kutia sahihi ya kwetu. Lengo la kwanza lilikuwa aombe maji kwa kuonyesha picha. La pili, ajifunge vifungo.

Mwalimu akaniambia, "Mama, wewe ni fundi, nisaidie." Nikamshonea kitambaa kigumu chenye vifungo vya koti, vile vikubwa, kisha vya kati, kisha vidogo vya shati, na zipu pembeni. Darasa zima linakitumia. Leo kijana wangu wa miaka tisa anafunga shati lake mwenyewe, isipokuwa kifungo cha shingoni, hicho bado anakikataa. Aliyewahi kuvalisha mtoto anayekung'ata kwa sababu kola inamkwaruza atajua nilivyofurahi.

Sasa shida. Watoto ni 14, mwalimu ni mmoja. Yuko mwenye kifafa, yuko wa kiti cha magurudumu anayebadilishwa nepi, na yuko wangu, mkimbiaji. Choo kiko ng'ambo ya uwanja. Mwalimu akimpeleka mmoja, wale 13 wanabaki na nani? Tulikuwa na anti, yaani msaidizi wa darasa, mmoja hodari sana, akaondoka baada ya kukosa malipo. Wiki hiyohiyo mwanangu alitoka langoni, akarudishwa na mtu wa bodaboda aliyetambua sare. Sitaki kukumbuka.

Sababu inajulikana. TSC, tume ya serikali ya walimu, huajiri walimu, na anti si mwalimu, kwa hiyo mzigo unaangukia bodi ya shule. Mgao wa elimu ya bure kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Hapo utatoa mshahara wa nani? Basi tunachanga wazazi, shilingi 500 kwa mwezi. Kuna wakati shule iliandika kwamba ambaye hajalipa akae na mtoto wake nyumbani. Hilo lilinikasirisha kabisa, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza mtoto kunyimwa shule kwa kukosa malipo kama hayo. Nilimpelekea mwalimu mkuu nakala, naye akaondoa ile barua. Lakini pesa hazikuongezeka, na anti tuliye naye sasa anafanya kazi hadi saa sita tu. Mimi humchukua wangu saa hiyo, nafunga kibanda.

Msihangaike kwa MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Kaunti inashughulikia chekechea, shule ya msingi ni ya serikali kuu. CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, nayo hujenga vyoo na madarasa, mishahara haigusi. Walio na uwezo wa kuweka wasaidizi kwenye orodha ya mishahara wako wizarani, na ni aibu kwamba mwalimu aliyesomeshwa kwa kazi hii anashinda akikimbia kati ya darasa na choo.

Nikipewa nyota tano za kugawa, kituo cha tathmini kinapata zote, mwalimu zote, na mpango wa wafanyakazi moja. Ukienda kituoni, fika asubuhi ukiwa na kitabu cha kliniki na cheti cha kuzaliwa. Ukija kwetu, wazazi tumemwandikia mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo kuomba wasaidizi wawili wa kutwa nzima. Nakala iko kwa mwalimu wa kitengo, na nafasi ya sahihi bado ipo.