Itrakonazoli ya kapsuli na ya maji: uzoefu wangu

Nimetumia zote mbili kwa tatizo lile lile, fangasi ya mdomoni na kooni. Kwangu kapsuli hazikusaidia, ya maji ilisaidia. Ila msikimbilie kusema dawa ya maji ni kali kuliko kapsuli, maana hilo silo lililotokea.

Nilianza na kapsuli za miligramu 100. Moja niliifungua kwa udadisi tu: ndani mna punje duara ndogo sana, kiini chake sukari, dawa imepakwa juu. Itrakonazoli haiyeyuki kwenye maji hivi hivi, inataka asidi ya tumbo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ameze kapsuli mara tu baada ya kushiba. Isipoyeyuka haifyonzwi, na isipofyonzwa itaishia chooni. Sasa mimi nilikuwa natumia omeprazoli kwa vidonda vya tumbo, dawa ambayo kazi yake ni kupunguza asidi hiyo hiyo! Daktari nilimwambia, akaandika kwenye faili, na kapsuli nikapewa vilevile. Utando mweupe ulimini ukabaki pale pale.

Mfamasia ndiye aliyeshtuka alipoona dawa zangu zote pamoja. Aliniambia wapo wanaoshauriwa kumezea kapsuli na soda ya kola, isiwe ile isiyo na sukari, kwa sababu ina asidi. Kwa tumbo langu? Hapana, asante. Nikarudi kwa daktari, akanibadilishia.

Ya maji ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo miligramu 200 ni mililita 20, sawa na kapsuli mbili. Sawa kwenye karatasi, lakini mwilini sivyo. Humo dawa imeshayeyushwa tayari kwa msaada wa siklodekstrini, aina ya sukari inayoikumbatia molekuli ya dawa na kuibeba ndani ya maji. Haisubiri asidi, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kikubwa zaidi. Masharti nayo yanageuka: hii hunywewa tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine na kubaki na mazoea ya zamani, unajiharibia. Wala usizibadilishe mwenyewe ukihesabu miligramu.

Nilikuwa nasukutua mililita 10 kwanza, sekunde kadhaa, nameza, kisha 10 nyingine. Kwa fangasi ya mdomo hiyo ni faida ya ziada, dawa inagusa penyewe. Ladha? Utamu wa juu juu, halafu uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi. Na tumbo la kuendesha nililipata: siklodekstrini yenyewe karibu yote haifyonzwi, inashuka hadi utumbo mpana na kulainisha choo. Halikunilaza, ila safari ndefu niliziahirisha.

Koo lilifunguka, nikaanza kumeza chakula bila kukunja uso. Kwa mwenye asidi ya kutosha na fangasi ya kucha, kapsuli zinafaa tu na ni rahisi kubeba. Kwa paracetamoli, kwa mfano, ya maji huwahi kidogo kuingia kwenye damu lakini jumla yake inakaribia kulingana na ya kidonge, kwa hiyo kisa changu msikihamishie kwenye kila dawa. Na mwenye moyo dhaifu amwambie daktari kabla ya kuanza itrakonazoli ya namna yoyote.