Nyuma ya kamera za James Bond: vitabu nilivyosoma na kipi ununue kwanza

Ukiniuliza ni kitabu gani cha utengenezaji wa filamu za James Bond uanze nacho, nitakujibu bila kusita: Some Kind of Hero cha Matthew Field na Ajay Chowdhury, kilichotoka mwaka 2015. Kwa macho hakivutii. Kurasa za picha ni chache, maandishi yamebanana, na ni kinene kama tofali. Lakini humo ndani kila aliyeshika kazi anapewa nafasi ya kusema, kuanzia mtayarishaji aliyehangaikia pesa mpaka fundi aliyejenga ukuta, na vitabu vya aina hii mimi navipima kwa kipimo hicho.

Kazi yangu ni kupiga picha za video: harusi na sendofu kwa wingi, matangazo madogo, na mara mojamoja filamu fupi za vijana wenzangu hapa Dar. Filamu za Bond nimekua nazo kwenye mikanda ya VHS pale nyumbani. Utotoni nilikuwa namwangalia steringi na bastola yake. Siku hizi naangalia taa imewekwa upande gani na kamera imesimama wapi. Vitabu hivi nilivitafuta kwa ajili ya kujifunza kazi, kwa hiyo maoni yangu yachukue hivyo.

Tuanze na filamu ya kwanza, Dr. No. Ilipigwa mwanzoni mwa 1962, kwanza Jamaica, kisha studio za Pinewood nje kidogo ya London, kwa bajeti ya takriban dola milioni 1. Hata kwa enzi hizo pesa hiyo ilikuwa ya kubana kwa hadithi yenye kisiwa cha siri, mtambo wa nyuklia na mlipuko wa kumalizia. Mbunifu wa seti, Ken Adam, alianza na takriban pauni 14,000 za kujengea kila kitu, baadaye akaongezewa kidogo. Wenzake wakiwa Jamaica kwenye jua, yeye alibaki Pinewood na mafundi wake, wakijenga bila mwongozaji kuwa karibu. Terence Young aliporudi alikuta seti zimesimama tayari. Kama angezikataa, hakukuwa na muda wala pesa ya kujenga nyingine. Akazipenda.

Kuna chumba kimoja katika filamu hiyo ambacho vitabu hivi vimenifundisha kukitazama upya. Profesa Dent ameitwa na bosi wake, yaani adui mwenyewe, Dr. No. Anaingia kwenye chumba kikubwa, kitupu, chenye kiti kimoja. Dari imeinama, na juu kuna tundu kubwa la duara lenye nondo zilizopishana. Mwanga unashuka kupitia hapo na kuchora kivuli cha nondo hizo mpaka ukutani. Karibu na kamera kuna meza yenye kizimba kidogo, na ndani yake buibui mkubwa. Dr. No anasikika sauti tu, mwenyewe haonekani. Basi, hicho ndicho chumba kizima. Kilijengwa mwishoni, kwa salio dogo lililobaki baada ya seti nyingine zote kula bajeti.

Nimeirudia sini hiyo mara nyingi, kitabu kikiwa mapajani, nikisimamisha picha na kuendelea. Kinachomtisha mtazamaji pale ni ile nafasi tupu iliyoachwa juu ya kichwa cha Dent. Sisi tukikosa pesa ya seti huwa tunaisogeza kamera usoni mwa mwigizaji ili ukuta mbaya usionekane. Wao walirudi nyuma, wakauonyesha utupu wenyewe, wakaupa mwanga na kivuli, ukawa na maana. Baada ya kusoma habari hiyo nilirekodi mahojiano ya tangazo ndani ya ghala lisilo na kitu, taa moja ikipita kwenye dirisha la nondo. Mteja alipoiona picha aliniuliza tumekodi ukumbi gani.

Jambo la pili la kupendeza kwenye filamu hiyohiyo ni mchoro wa Goya, mchoraji wa Kihispania. Mwezi Agosti 1961 picha yake ya Duke wa Wellington iliibiwa kutoka National Gallery jijini London, na magazeti yote yaliandika. Johanna Harwood, mmoja wa waandishi wa muswada, akapendekeza picha hiyo ionekane nyumbani kwa Dr. No, kana kwamba mwizi amepatikana. Ken Adam akaomba slaidi kutoka kwenye jumba lenyewe, akaichora nakala wikiendi moja. Kwenye filamu, Bond anapanda ngazi, anaiona, anasimama kidogo, anaendelea. Hakuna neno linalosemwa. Watazamaji wa 1962 waliangua kicheko. Mtazamaji wa leo asiyesoma vitabu hivi anapita tu bila kujua amekosa nini.

Kwa habari za Adam mwenyewe, nunua Ken Adam Designs the Movies, alichokitoa pamoja na Christopher Frayling mwaka 2008. Alizaliwa Berlin mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, wakakimbilia Uingereza mwaka 1934, na vita vilipokuja akarusha ndege za kivita za jeshi la anga la Uingereza dhidi ya nchi aliyozaliwa. Ukilijua hilo, michoro yake unaiona kwa jicho jingine. Alichora kwa kalamu nene ya wino, mistari mikavu, vivuli vizito, halafu mtu mdogo mmoja amewekwa chini ili ujue ukubwa wa kuta. Kitabu kinaweka mchoro na picha ya filamu jirani, na unashangaa jinsi mafundi seremala walivyoufuata mchoro. Mwanafunzi yeyote wa filamu anayesoma hapa, tafadhali, kitafute hiki kabla hujanunua lenzi nyingine.

Seti yake kubwa kuliko zote kwa wakati ule ni ile ya ndani ya volkano, kwenye You Only Live Twice. Katika riwaya, adui anaishi kwenye ngome kando ya bahari. Timu ilizunguka Japani kwa helikopta ikitafuta ngome ya namna hiyo, haikuiona. Pwani ile ina vimbunga, na Wajapani hawakujenga ngome zao hapo. Walichokiona ni mashimo ya volkano kisiwani Kyushu, na wazo likazaliwa hapo hapo: adui akae ndani ya volkano. Mwaka 1966 Pinewood wakaijenga, kwa zaidi ya tani 700 za chuma na tani 200 za plasta, ikiwa na paa la kufunguka na helikopta ya kuingia na kutoka. Gharama ilikuwa takriban dola milioni 1. Yaani seti moja imekula kiasi cha filamu nzima ya Dr. No, miaka minne tu baadaye.

Safari ileile ya Japani ina kisa kilichonifanya nifunge kitabu kwa muda. Tarehe 5 Machi 1966 watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman, mwongozaji Lewis Gilbert, Ken Adam na mpiga picha Freddie Young walikuwa na tiketi za ndege ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, kuondoka Tokyo. Wakaalikwa kuona maonyesho ya ninja, wakaahirisha safari. Ndege ile ilianguka karibu na mlima Fuji na watu wote 124 waliokuwamo wakafa.

Halafu kuna Johnny Jordan. Nilikuwa silijui jina hili, na naamini wengi wetu hatulijui, ingawa picha zake tumezitazama miaka nenda rudi. Alikuwa mpiga picha wa angani. Wakati wa kurekodi mapambano ya helikopta kule Japani, helikopta mbili zilikaribiana mno, panga la moja likaupiga mguu wake uliokuwa nje, na hatimaye ukakatwa. Mtu mwingine angeiacha kazi. Yeye alirudi miaka michache baadaye kwenye On Her Majesty's Secret Service, huko Uswisi, akining'inia chini ya helikopta kwenye kifaa maalumu ili aweze kugeuza kamera pande zote bila kuzuiwa na mwili wa helikopta. Zile picha za theluji na milima zinazoteleza chini yako ni mkono wake. Mwaka 1969, akipiga filamu nyingine, alianguka kutoka kwenye ndege akafariki. Kwa sisi tunaoning'inia kwenye bodaboda na kamera begani kufukuza msafara wa bwana harusi, sura za Jordan zisomwe kwa utulivu, na mkanda wa usalama ununuliwe.

Filamu hiyo ya Uswisi ina kitabu chake peke yake, cha Charles Helfenstein, The Making of On Her Majesty's Secret Service, cha mwaka 2009. Hiki kimeandikwa na mtu mwenye mapenzi ya kweli, anafuatilia muswada rasimu kwa rasimu. Humo utakuta kwamba Sean Connery alipoondoka kwenye nafasi ya Bond na George Lazenby kuingia, waandishi waliwahi kufikiria kuieleza sura mpya kwa operesheni ya uso. Wazo likatupwa, na ni heri. Utakuta pia habari za Willy Bogner, aliyeshuka mlima kwa ski huku akirekodi, pengine akiteleza kinyumenyume. Ubaya wake ni kwamba kama filamu hiyo huipendi, kitakuchosha kabla ya nusu. Mimi naipenda kuliko zote, hivyo nilikisoma mpaka maelezo ya picha.

The James Bond Archives, kilichohaririwa na Paul Duncan na kutolewa na Taschen mwaka 2012 wakati filamu zilipotimiza miaka 50, ndicho kitabu ambacho wageni wakifika nyumbani wanakikimbilia. Ni kikubwa, kizito, chenye picha ambazo hukuwahi kuziona: mafundi wakinywa chai ndani ya volkano, magari yakiwa nusu, karatasi za ratiba. Usijaribu kukisoma kitandani. Kiweke mezani na ukifungue kwa mikono miwili. Kwa picha, hakina mpinzani. Kwa habari za pesa na mivutano narudi kwa Field na Chowdhury, kwa mfano jinsi Saltzman alivyozidiwa na madeni akauza hisa zake kwa United Artists, kampuni ya filamu ya Marekani, mwaka 1975, na Broccoli akabaki peke yake na The Spy Who Loved Me mikononi.

Kwenye kurasa za Casino Royale ya mwaka 2006 Waafrika Mashariki mtakutana na jambo letu. Mnaikumbuka ile kambi ya waasi usiku, mvua inanyesha, maandishi yanasema Mbale, Uganda? Ilirekodiwa Black Park, msitu ulio jirani na studio za Pinewood. Na ile mbio ya Madagaska, ya kurukaruka juu ya kreni, ilifanyika Bahamas. Sikukasirika, kwa sababu ndivyo filamu zinavyotengenezwa, lakini nilisikitika kidogo. Mbale ina mlima Elgon nyuma yake. Kamera moja ya Jordan ingetosha.

Stanti nazipitia haraka maana kila mtu anazijua. Ross Kananga, mwenye shamba la mamba Jamaica, aliyekimbia juu ya migongo ya mamba wake kwenye Live and Let Die, alijaribu mara 5 na akaumizwa mguu. Gari lililojizungusha hewani kule Thailand mwaka 1974, kwenye The Man with the Golden Gun, lilipigiwa hesabu na kompyuta kwanza, kisha likaruka mara moja tu, likafaulu. Sauti ya filimbi waliyoiwekea inaniudhi mpaka leo.

Waandishi wa miswada wasome The Battle for Bond cha Robert Sellers. Ni kesi ya Thunderball: Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za Bond, aliandika hadithi ya filamu pamoja na Kevin McClory na Jack Whittingham, kisha akaigeuza kuwa riwaya yake mwaka 1961 bila kuwataja. Wakaenda mahakamani London, shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 1963, McClory akaondoka na haki za filamu. Miaka 20 baadaye alizitumia kumrudisha Connery kwenye filamu ya kushindana na ile ya Roger Moore, aliyekuwa Bond wakati huo. Vijana wetu wanaoandika hadithi wanne kwenye meza moja bila karatasi yoyote kusainiwa, nawasihi mkisome.

Ninachokilalamikia kwenye vitabu karibu vyote ni nafasi finyu waliyopewa wanawake waliofanya kazi bila jina kuandikwa. Nikki van der Zyl ndiye sauti ya Ursula Andress kwenye Dr. No. Unamwona mmoja akitoka baharini, unamsikia mwingine, na kwenye majina ya mwisho huyo wa pili hayupo. Anastahili sura yake.

Kuhusu kununua: cha Field na Chowdhury kinapatikana kwa jalada jepesi na kinasafirishika kirahisi. Cha Taschen ni bora uombe ndugu anayekuja kutoka Ulaya akubebee, maana nauli ya posta inaumiza, na changu cha kwanza kilifika kona zimebondeka. Kimetolewa upya zaidi ya mara moja kadiri filamu mpya zinavyotoka, na matoleo ya baadaye ni madogo zaidi. Uchapishaji wa kwanza wa 2012 ndio uliokuja na kipande cha mkanda halisi wa Dr. No, kwa hiyo ukiuziwa uliotumika, muulize muuzaji kama kipande hicho bado kimo kabla hujatuma pesa.